Fulana ya Zimamoto wa Kujitolea

Maneno niliyowaambia wahitimu wa mafunzo ya ufundi, Lindi mjini. Nimeyaandika kwa ajili ya waliosimama nje wakasikia nusu.

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee mlioketi mbele, shikamooni.

Hiyo shikamoo naomba muiweke akiba. Tutairudia.

Wiki iliyopita mwenyeji wangu alinipigia simu kuniuliza nitazungumza juu ya nini. Nikamwambia: mavazi ya kazini, na kujifunza lugha ugenini. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Dada, chagua moja." Nimejaribu kuchagua, nimeshindwa. Mimi mambo haya mawili yalinifika siku moja, ndani ya nguo moja, nikiwa darasa la tano.

Ilikuwa fulana ya mtumba. Mama aliinunua sokoni hapa hapa Lindi, bluu iliyokolea, mgongoni ina maneno mawili marefu meupe: Freiwillige Feuerwehr. Nyumbani hakuna aliyejua maana yake. Kaka yangu akasema ni timu ya mpira. Shangazi akasema hapana, maneno marefu namna ile lazima ni ya kanisa, nisithubutu kuivaa madrasa. Sisi ni watu wa kanga, bwana. Nguo ikiwa na maneno tunataka kujua inamsema nani. Lakini mtoto akipewa nguo havai maana, anavaa nguo. Nilichotea maji nayo, nilichimbia ming'oko nayo kwa bibi kule Mtama, hadi ikaishia kuwa tambara la deki.

Miaka mingi baadaye nikiwa Ujerumani, nje kidogo ya mji wa Dresden, basi lilisimama kijijini mbele ya jengo lenye mageti mekundu. Geti moja lilikuwa wazi, ndani limeegeshwa gari la zimamoto. Juu ya mlango, maneno yangu. Yale yale mawili. Nilimgusa jirani yangu kwenye kiti nikamuuliza maana yake, ingawa kufikia hapo ningeweza kuyasoma mwenyewe. Nilitaka tu mtu aniambie. "Zimamoto wa kujitolea," akasema. Vijijini kwao wazima moto wengi si waajiriwa. Ni mwoka mikate, ni mwalimu, ni fundi magari. King'ora kikilia wanaacha walichoshika wanakimbia. Kumbe utoto wangu wote, mimi niliyekuwa naogopa hata kuwasha jiko la mkaa, nilikuwa nimevaa sare ya watu wanaoingia ndani ya nyumba zinazoungua.

Sasa niwaambie jinsi nilivyofika huko na nguo nilizobeba.

Nilikwenda kwa mafunzo ya kazi katika ofisi inayochora mifumo ya umeme wa majengo. Kabla ya safari fundi cherehani wetu, Mungu ampe umri, alinishonea suti ya kijivu: sketi, koti, bitana ndani, vifungo vinne. Mama akaongeza viatu vya mchuchumio. Kijerumani nilikuwa nimekisoma miezi minane, nina cheti cha ngazi ya B1, yaani ya kati, najiona nimeiva. Barua ya ofisi ilitaja siku tu. Saa niliambiwa kwa simu: "halb neun".

Halb ni nusu. Neun ni tisa. Saa yao ya tisa asubuhi ni saa yetu ya tatu. Kwa hiyo saa tatu na nusu, si ndiyo? Nikatoka mapema, maana nimelelewa. Saa tatu na robo nipo mlangoni, suti imenyooka, nimewahi robo saa nzima.

Halb neun ni saa mbili na nusu, ndugu zangu. Mjerumani akitaja nusu anahesabu nusu ya kuiendea saa, sisi tunahesabu nusu iliyokwisha kupita. Nilikuwa nimechelewa dakika 45.

Chumbani walikaa watu saba. Jinzi, fulana, raba. Kiongozi wa ofisi, mama wa umri wa kama miaka hamsini, alivaa fulana iliyopauka na ndala za ngozi zenye soksi ndani. Suti yangu haikutazamwa na mtu. Waliitazama saa ya ukutani, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa. Yule mama akasimama, akanipa mkono, akatamka jina lake la kwanza tu, akasema hapa wote tunaitana "du", halafu kwa sauti ile ile tulivu akasema kikao kimekwisha, turudi keshokutwa.

Nilikaa kwenye benchi la kituo cha tramu nikavua mchuchumio. Hasira niliyokuwa nayo, wacha tu. Nilijiambia: watu hawa wamekuja kazini kama wanakwenda kupalilia mihogo, halafu mimi niliyevaa kwa heshima ndiye ninayeonekana sina heshima?

Swali hilo lilinichukua muda, na jibu nililolipata ndilo lililonileta mbele yenu leo. Pale heshima ilikuwepo, tena nyingi, ila haikuwa imekaa kwenye nguo. Walikuwa wameihamishia kwenye saa. Suti yangu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Na walihamia mahali pengine pia: kwenye kile kineno "du". Kijerumani kina "wewe" mbili. Kuna "du", ya ndugu, rafiki, mtoto, na siku hizi ofisi nyingi za vijana. Kuna "Sie", ya mtu mzima usiyemzoea. Ofisini kwetu wote du, hata mwenye kampuni. Nami nikafanya hesabu ya haraka: kumbe ukimwona mtu yuko kwenye kaptula, huyo ni wa du.

Chini ya chumba changu aliishi mzee wa miaka sabini na kitu. Jioni moja namkuta bustanini anamwagilia nyanya, kifua wazi, kaptula, malapa. Nikamsalimia kwa furaha nikamuuliza, "Hujambo wewe, nyanya zako zinaendeleaje," kwa du. Akaufunga mpira wa maji. Akanijibu kwa ukamilifu kabisa habari za nyanya zake, na katika kila sentensi akaweka Sie, akiitamka taratibu kama mtu anayehesabu hela mbele ya mwizi. Nilipanda ngazi masikio yanawaka. Yaani kifua wazi, na bado nilipaswa kumpa shikamoo!

Tuliishi kwa Sie miaka miwili. Nilimbebea mboga, alinirekebishia baiskeli, Sie, Sie. Halafu Jumapili moja alinigongea, amevaa shati safi lililopigwa pasi, mkononi chupa ya juisi ya tufaha. Alikuwa ameshaona kuwa pombe sinywi. Akasema angependa nimwite kwa jina lake la kwanza na tuitane du. Kwao neno hilo hutolewa na mkubwa kumpa mdogo, mdogo hajichukulii. Tulikunywa ile juisi tumesimama mlangoni. Nimepokea vyeti kadhaa maishani, kimojawapo kimetundikwa ofisini kwangu. Ile du haikuandikwa popote.

Haya, lugha yenyewe. Wengi wenu mnaniuliza kama ni ngumu. Ngumu, lakini sisi tunaanza na mtaji tusioujua. Mwanafunzi aliyekulia kwenye Kiingereza akifika kwenye der, die, das, zile jinsia tatu za majina ya vitu, analia, kwa nini meza iwe ya kiume na taa ya kike. Mswahili anashangaa nini? Tumekua na kisu hiki, mti huu, jiwe hili, nyumba hii, tangu tukiwa mgongoni. Tatu tu? Tuna ngeli zaidi ya hizo. Kitenzi cha Kijerumani katika sentensi nyingi kinakaa mwisho kama mzee wa kikao: wote mnasema, mnasema, ila hamjui mmeamua nini mpaka yeye afungue mdomo. Hilo nalo linazoeleka. Kilichonitesa ni namba. Ishirini na tano wao wanaisema "tano na ishirini". Wiki ya tatu kazini niliandika nyaya mita 52 pale nilipotajiwa 25. Nyaya zile zilikaa stoo hadi naondoka, na kila mwaka walizitaja kwenye sherehe.

Na maneno mengine tulikuwa nayo mfukoni kabla hatujazaliwa. Hela ni Heller, senti ya wakoloni wa Kijerumani, mia moja zikifanya rupia, kuanzia mwaka 1904. Shule ni Schule. Hatukukopa kwa hiari. Mwaka uliofuata, 1905, kusini hii yote iliingia Vita vya Maji Maji, na babu zetu walilipa kwa damu. Nilikuwa nayakumbuka hayo kila darasani mwalimu alipotuambia Kijerumani ni lugha mpya kwetu.

Darasani peke yake lakini hutoki na lugha. Watu wa Dresden hawasemi kama kitabu. Wao "ndiyo" wanasema "nu". Mimi niliyesoma Kiingereza nasikia "no". Mwezi mzima nadhani bibi wa duka la mikate ananikatalia huku ananifungia mkate. Na kuna mtego mwingine unaofanana na upole: ukigugumia kidogo, wanakuhamishia Kiingereza. Wanataka kukusaidia, na wanakumaliza. Nilijifunza sentensi moja nikaikariri kama dua: tafadhali niache nikosee kwa Kijerumani. Ukiisema, watu wanacheka, wanakuacha ukosee.

Mnataka kujua ni lini ulimi wangu ulifunguka? Haikuwa ofisini, wala darasani. Ilikuwa Berlin, mbele ya mifupa.

Mnaijua Tendaguru. Baadhi yenu mna ndugu karibu na kile kilima, kaskazini-magharibi ya hapa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 walichimbwa pale wanyama wa kale, dinosaria, wakapelekwa Ujerumani. Zaidi ya tani 200 za mawe na mifupa, na hakukuwa na lori. Ilitoka kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari hii ya Lindi. Mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua mifupa ile kwa vidole vyake. Mmoja wa wanyama hao leo amesimama katika Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ukimtazama shingo inauma.

Nilikwenda na wenzangu wa ofisini. Karibu yetu lilikuwepo kundi la watoto wa shule, na kijana aliyewaongoza alitamka "Tendaguru" vibaya, mkazo ameutupa kusikojulikana. Nikasikia mtu anamsahihisha kwa sauti. Mtu huyo ni mimi. Kijana akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia bibi yangu anakaa upande ule. Watoto wakanigeukia wote, arobaini kidogo wapungue, na wakaanza: Kuna joto? Kuna mengine yamebaki ardhini? Waliobeba walilipwa? Nilizungumza nusu saa. Der na die nilizichanganya kama kachumbari, hakuna aliyejali. Kwa miezi yote nilikuwa nakosa maneno kwa sababu nilikuwa nazungumza habari zao: treni yao, hali ya hewa yao, taka zao za kutenganisha. Siku hiyo nilikuwa na la kwangu la kusema, na lugha ikaja mbio kulibeba.

Na nilikuwa nimevaa jinzi, kama mnataka kujua. Suti ilishakuwa kabatini mwaka mzima.

Hapo kwenye jinzi nisimame kidogo, maana naona mzee mmoja amekunja uso. Mzee wangu, jinzi ilizaliwa kazini. Levi Strauss, Mjerumani wa Bavaria aliyehamia Marekani, na fundi cherehani Jacob Davis, walipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1873 ya suruali zilizotiwa ribiti mifukoni zisichanike, kwa ajili ya wachimba madini na vibarua. Anayemzuia mtu kuvaa jinzi kazini anakizuia kitu kurudi kwao. Natania, natania. Najua waraka wa utumishi wa mwaka 2007 kuhusu mavazi, na najua yale mabango kwenye milango ya ofisi za serikali yenye picha zilizokatwa msalaba mwekundu. Mkiajiriwa huko, fuateni. Nyumba ya mtu ina mlango wake.

Lakini msidhani kila aliyelegeza mavazi amelegeza adabu. Tazameni Wajapani. Mwaka 2005 wizara yao ya mazingira iliwaambia wafanyakazi wa ofisini: kiangazi, viyoyozi viwekwe nyuzi 28, na wanaume wavue tai na makoti. Waziri Mkuu Koizumi mwenyewe akaonekana hana tai. Hawakufanya hivyo kufurahisha vijana, walitaka kuokoa umeme. Baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, umeme ulipopungua zaidi, wakaruhusu hata mashati ya maua na raba. Sasa sikilizeni: katika Kijapani kuna namna ya kumsemea mkubwa ambayo inabadilisha kitenzi kizima, na kuna namna ya kujishusha wewe mwenyewe. Wanaiita keigo. Tai ilivuliwa, koti likavuliwa. Keigo haikuvuliwa hata kifungo.

Wamarekani nao wana Ijumaa yao ya kuvaa kirahisi. Mizizi yake moja ni Hawaii, ambako katika miaka ya 1960 watengenezaji wa mashati ya maua waliwashawishi waajiri wayaruhusu siku ya Ijumaa. Nilipomweleza mama habari hiyo alicheka hadi akakaa chini. Kwake yeye Ijumaa ndiyo siku kanzu inapigwa pasi, kofia inatolewa kwenye mfuko wa nailoni, udi unachomwa. Ukimwambia mtu wa Lindi avae hovyo kwa sababu ni Ijumaa, atakuuliza umepatwa na nini.

Sasa niwaambie aibu yangu ya mwisho. Nilirudi nyumbani. Nikapata kazi hapa kusini, ofisi sitaitaja. Siku ya kwanza nimejaa hekima ya Ulaya: saa moja na dakika hamsini nipo getini, kazi inaanza saa mbili. Jinzi safi, fulana safi, raba. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, anafungua geti. Nikamwambia, "Habari za asubuhi," nikapita.

"Mwanangu," akaniita. Nikarudi. Nikajua ni nguo. Nikaanza kujitetea, joto, mwezi wa kumi na mbili, natakiwa kupanda ngazi kukagua nyaya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nguo nimeziona," akasema. "Shikamoo sijaisikia."

Nilitaka ardhi ipasuke. Miaka minne nimejifunza kwa jasho Wajerumani wameiweka wapi heshima yao, na nimesahau kwetu iko wapi. Haikuwa kwenye koti. Wala kwenye zile dakika kumi nilizowahi. Iko mdomoni, mwanzo kabisa, kabla ya neno jingine lolote. Yule mzee angenipokea hata ningekuja na ovaroli lenye grisi. Nilimpa shikamoo yake. "Marahaba," akasema, na tangu hapo akawa ananihifadhia kivuli cha mkorosho kwa ajili ya pikipiki yangu.

Wadogo zangu, baadhi yenu mtakwenda mbali: Ujerumani, Oman, China, na wengine ng'ambo tu ya Ruvuma, Msumbiji, kwenye Kireno. Mtaniuliza mbebe nguo gani. Bebeni sweta. Hayo mengine mtayaona mkifika, wiki ya kwanza msiseme sana. Angalieni mtu anapoudhika. Watu hawaudhiki ovyo. Palipomuuma ndipo palipo na heshima yake, na kwa kawaida pana neno, au saa, au kiatu kinachovuliwa mlangoni, ambacho kitabu hakikukuambia.

Mkuu wa chuo ameniomba, na nimekubali, nianzishe hapa darasa la Kijerumani kwa anayetaka. Ni bure, leteni daftari. Vaeni mnavyotaka, hata hilo joho kama limewanogea. Tunaanza Jumamosi hii, halb drei. Nimeliandika ubaoni na sitalieleza tena. Atakayenikuta naanza saa nane na nusu, karibu. Atakayefika saa tisa na nusu amependeza, nitampa kiti cha mbele, nimsimulie habari za suti ya kijivu.